Mahandaki Yaliyochimbwa Ili Yaonekane

Anayevuka mpaka Holili, akaipita Taveta na kushika barabara ya Voi, hukutana na kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani. Ni Salaita. Hakitishi kwa urefu, hasa kwa mtu aliyezoea kuutazama Kilimanjaro. Lakini tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilima hicho kilililaghai jeshi la Uingereza la watu wapatao 6,000.

Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na Salaita ikawa ngome yao ya mbele kwenye njia ya kwenda Moshi. Wapelelezi wa Uingereza waliona mahandaki upande wa juu wa kilima, na asubuhi hiyo mizinga ikayatwanga. Makombora yaliangukia mashimo matupu. Mahandaki ya kweli yalikuwa chini, kitakoni mwa kilima, yamefichwa vichakani, na humo askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, wengi wao Waafrika, walikuwa wakingoja na bunduki za rashasha. Vikosi vya Afrika Kusini, vigeni kabisa katika nyika hii, vilisogea vikiamini kwamba adui amekwisha kupondwa. Risasi ziliwatokea pasipotarajiwa. Walirudi nyuma wakikingwa na Wabaluchi wa jeshi la India, huku zaidi ya 130 kati yao wakiwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea.

Aliyepanga hila ile alimjua adui wake: macho ya anayeshambulia kilima hukimbilia kileleni, basi akapewa cha kuona huko huko. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kila kitu bandia cha vita au mawindo. Si lazima kifanane na kitu halisi kwa kila hali. Kinatosha kikiwa na ile dalili moja inayotafutwa na anayedanganywa.

Wategaji wa tombo wa magharibi mwa Kenya, Waluo na Waluhya, wanalijua hilo vizuri. Tombo dume hutiwa katika vitundu vidogo vya kusuka, vikatundikwa kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani. Kwa macho, mti ule haufanani na tombo hata kidogo. Lakini madume wanaita, wenzao wanaopita wanasikia, wanatua, na majanini kuna vitanzi.

Majeshi hutumia mbinu hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1944 Washirika waliunda jeshi zima la uongo kusini-mashariki mwa Uingereza, likiwa na vifaru vya mpira vya kujazwa upepo, mawasiliano ya redio ya kubuni, na Jenerali Patton kama kamanda wake. Wajerumani walikuwa tayari wanaamini kwamba uvamizi ungepitia Calais, kwa hiyo hata baada ya Washirika kutua Normandy tarehe 6 Juni, Wajerumani waliendelea kuweka vikosi vikubwa Calais kwa wiki kadhaa. Katika vita vyake na Urusi, Ukraine imetengeneza mitambo ya roketi ya mbao, na makombora ya Urusi ya mamilioni ya fedha yakaishia kuchoma mbao.

Baada ya Salaita, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi Machi 1916, kisha likaelekea kusini na kupoteza maelfu ya farasi na nyumbu kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Leo mdudu huyo naye anategwa kwa hila. Katika hifadhi nyingi za Afrika Mashariki huonekana vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vimening'inizwa kando ya njia. Haviigi umbo la ng'ombe. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi humshawishi atue, na wakati mwingine huwekwa mkojo wa ng'ombe ili kukamilisha udanganyifu. Kitambaa kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kukigusa tu kunatosha kumuua. Jua likiipausha ile buluu, wengi hupita bila kutua, kwa hiyo watunzaji hulazimika kurudi na vitambaa vipya na dawa mpya.