Saa ya kifahari ya kike: cheti rahisi hakiisaidii Kobero

Mfanyabiashara wa Gitega anayenunua saa ya kike ya otomatiki Dar es Salaam na kuipitisha Kobero, upande wa Muyinga, asitegemee cheti rahisi cha uasili. Cheti hicho, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Saa ya Uswisi hubaki ya Uswisi popote inaponunuliwa. Itangazwe forodhani kwa ankara halisi. Ikifichwa, yaweza kutaifishwa.

Kabla ya kulipa, ikaguliwe: otomatiki haina betri, hujijaza kwa mwendo wa mkono, na mshale wa sekunde huteleza. Ukiruka kila sekunde, huenda ni ya betri, na bei ijadiliwe upya.