Meya wa Kijiji cha Ufaransa Hatoi Makaratasi
Swali ni lilelile, kinachobadilika ni jina la kijiji tu: "Nimeona Ufaransa wanauza nyumba kwa euro 1. Nikinunua, meya atanipa makaratasi?"

Hakupi, kwa sababu hana.

Nyumba zenyewe si hadithi. Ambert, mji mdogo wa Puy-de-Dôme, umewahi kuuza kwa bei hiyo, mnunuzi akitakiwa kuikarabati na kuishi humo. Mgeni pia anaruhusiwa kununua nyumba Ufaransa, hata akiwa Tanga. Lakini hati ya nyumba haimpi mtu haki ya kuishi nchini, na dalali anayekuuzia vyote viwili kwa pamoja anakuibia.

Wengi humdhania meya huyu kuwa bosi wa serikali anayeweza kufumba jicho. Mtazameni vizuri. Kijiji chenye watu chini ya 100 huchagua baraza la madiwani 7 kwa miaka 6, nao humchagua meya kati yao. Mara nyingi ni mkulima au mstaafu anayelipwa posho. Ofisi yake hufunguliwa saa chache kwa wiki, na katibu anayejua kila jalada lilipo pengine anahudumia vijiji viwili vitatu. Meya hufungisha ndoa, huandikisha vizazi na vifo, hushughulikia barabara za kijiji na jengo la shule ya msingi. Kibali cha ukaazi hutoka kwa prefe, mwakilishi wa serikali kuu mkoani. Uraia ndiyo kabisa, haumhusu.

Karatasi yake moja inayomgusa mgeni ni hati ya mwenyeji. Ndugu yako aliyeko kijijini huiomba kwa kuonyesha makazi na kipato, na hulipia stempu. Inakusaidia kuombea viza ya matembezi isiyozidi miezi 3, na meya anaweza kuikataa. Anayekuuzia hati hiyo kama kibali cha kuishi, mkimbie!

Njia halali ni hizi. Mwanafunzi aanzie Campus France, wakala wa Ufaransa wa wanafunzi wa kigeni. Mfanyakazi, mwajiri wake amwombee kwanza idhini ya kazi. Mwenye mume au mke Mfaransa aombe viza ya familia. Mwenye kipato chake asiyetafuta kazi aombe viza ya muda mrefu ya mgeni. Zote huombwa kabla ya kusafiri, na ile viza ya muda mrefu inayohesabika kuwa kibali cha ukaazi lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ulipoingia.