Kiwanja cha Umma na Afya ya Jamii: Msaada Huanzisha, Makubaliano Hudumisha

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini humo. Miji ya namna hii hukua kwa kufuata lami: maduka, gereji, nyumba za wageni na maegesho ya malori hujipanga kando ya barabara, na kila kipande cha ardhi hupata bei. Kwa kata za Halmashauri ya Mji wa Makambako, ikiwamo Mahongole, kutenga mahali pa watoto kuchezea na pa watu wazima kupumzikia ni suala la afya. Likiahirishwa hadi ardhi iishe, gharama ya kuirudisha huwazidi wananchi uwezo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima aushughulishe mwili kwa nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mkulima wa jembe la mkono hutimiza kiwango hicho shambani mwake. Dereva wa lori, muuza duka, fundi cherehani na karani hushinda wameketi. Mji unapokua, watu wa kundi hili la pili huongezeka, na pamoja nao shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na moyo uliozoea mazoezi husukuma damu bila kujikaza. Kutembea kwa kasi kila jioni ni kinga ya bei nafuu, lakini watu hawatembei pasipo mahali salama pa kutembelea.

Kwa watoto hatari iko karibu zaidi. Duniani kote, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mtoto asiye na kiwanja haachi kucheza. Huuhamishia mpira wake kando ya barabara. Kiwanja kilicho mbali na magari humwepusha na hatari hiyo. Miti yake hupoza hewa kwa kivuli na kwa mvuke utokao majanini, na udongo usiofunikwa kwa saruji hunywa maji ya mvua ambayo vinginevyo yangetuama.

Faida hizi hutegemea kwanza usalama wa ardhi yenyewe. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mjini, matumizi ya maeneo hupangwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hukabidhi usimamizi kwa halmashauri ya kijiji. Eneo lililotengwa kwa kauli tu, bila kupimwa wala kuonyeshwa kwenye ramani, humegwa kwa urahisi: leo kibanda, kesho ukuta. Kwa hiyo mchango wa kwanza wenye manufaa huenda usiwe bembea wala benchi, bali fedha za upimaji na za kuweka mawe ya mipaka.

Msitu wa Karura jijini Nairobi unaonyesha jinsi ulinzi huo unavyopatikana. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huo, wenye hekta zipatazo 1,000, ziligawiwa wajenzi binafsi. Wangari Maathai na wenzake walipinga, na mwezi Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miti. Ugawaji ulisimamishwa, lakini wananchi waliendelea kuuogopa msitu kwa sababu ya wahalifu. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ilipofungua mlango wa ubia kati ya jamii na serikali, chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kiliundwa mwaka 2009. Wafadhili walichangia uzio, wakazi wa mitaa ya jirani wakapata kazi za ulinzi na upandaji miti, na viingilio vya wageni vikasaidia matunzo.

Tanzania nayo ina mifano. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyoandaliwa kwa ajili ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1936, ilikarabatiwa kwa ufadhili wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jijini Dar es Salaam, viwanja vya michezo vya vijana vya Jakaya Kikwete, Kidongo Chekundu, vilifunguliwa mwaka 2015 kwa ubia wa kampuni ya Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Ufadhili wa kiasi hicho haupatikani kila mahali. Hata hivyo, kiwanja kikubwa na kidogo hukabiliwa na swali moja: baada ya utepe kukatwa, nani atafagia, nani atarekebisha kilichovunjika, na kwa fedha zipi?

Kwa kata kama Mahongole, jibu linapaswa kuandikwa kabla msaada haujapokelewa. Makubaliano yataje mwenye mamlaka juu ya ardhi, kamati ya matunzo, chanzo cha fedha za kila mwezi na siku ya kutoa taarifa. Michango si lazima iwe fedha taslimu. Mkoa wa Njombe una mbao za kutengenezea mabenchi. Shule zinaweza kuotesha miche. Na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaweza kujumuisha kiwanja. Miche ipandwe mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, na kila darasa au kikundi kikabidhiwe miti ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Fedha zinazotolewa ziandikiwe risiti, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano wa wananchi. Mchangiaji aliyeona hesabu huchangia tena.

Mambo mawili husahaulika mara nyingi. La kwanza ni choo na maji ya kunawa. Bila hivyo kiwanja huwa chanzo cha magonjwa ya kuhara, na wanawake na wazee hukiepuka. La pili ni masharti ya mfadhili. Msaada unaodai matangazo ya sigara, pombe au vinywaji vyenye sukari nyingi mbele ya watoto hudhoofisha afya ile ile ambayo kiwanja kimekusudiwa kuilinda, na kamati ina haki ya kuukataa.

Kazi inaweza kuanza kwa eneo dogo: mipaka iliyopimwa, miti ya kivuli, mabenchi machache na njia tambarare ambayo hata mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuipita. Bembea inaweza kusubiri mwaka ujao. Mipaka haiwezi kusubiri, kwa kuwa ardhi ikishauzwa na kujengwa, hakuna mchango wa wananchi utakaotosha kuinunua tena.