Nimshtaki Nani?

Harusi ilibaki miezi miwili. Shoga yangu, hapa hapa Bariadi, akaniletea vidonge vya kupunguza unene kwenye kimfuko kisicho na jina. Gauni likanikaa, jamani! Ila moyo ukawa unadunda usiku kucha. Mchumba akaja juu: "Tuwashtaki!" Tumshtaki nani, na risiti hatuna?

Marekani, dawa za fen-phen zilihusishwa na kuharibika kwa valvu za moyo, zikaondolewa sokoni 1997. Mwaka 1999 kampuni ya American Home Products ikakubali kulipa dola bilioni 3.75. Kule mdai alitakiwa kuonyesha cheti cha dawa na vipimo vya moyo. Mimi daktari aliponiuliza nimemeza nini, nilimjibu: vya njano.