Amana ya Sala za Kila Siku

Miongoni mwa kazi zote anazokabidhiwa msomaji katika Kanisa Anglikana, hapana inayoonekana nyepesi ikawa nzito kwa hakika yake kama kuongoza Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni katika siku za kazi, ambapo hapana kwaya, wala mahubiri, wala sadaka, na huenda waliohudhuria ni bibi mmoja mzee na mtoto aliyekuwa akipeleka maziwa. Katika vijiji vya pande za Chepsaita, nje ya Eldoret, kama ilivyo mashambani kwingi ambako kasisi mmoja hulea makanisa kadhaa, kazi hii haina budi kumwangukia mlei. Na kwa kuwa wengi wameizoea ibada hii kwa sura yake ya Jumapili tu, yafaa tueleze asili na taratibu zake, ili aliyepewa amana ajue amepewa nini.

Katika zama za kati watawa wa Ulaya walisali nyakati nane, usiku na mchana, kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima wa kawaida hakuifahamu. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokitoa Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alizikusanya nyakati hizo zikawa mbili, kwa lugha ya watu wenyewe, akikusudia kwamba umma wote usikie karibu Biblia nzima kila mwaka na Zaburi zote 150 kila mwezi. Mwaka 1552 yakaongezwa mwanzoni wito wa toba, maungamo na tangazo la ondoleo la dhambi, na kitabu cha 1662 kikaidhinisha mpango huo. Kwetu, Edward Steere, aliyekuwa askofu huko Unguja tangu 1874 hata alipofariki 1882, alijitaabisha kuyatia Maandiko na sala katika Kiswahili; na kanisa lilipoenea bara, hata Dayosisi ya Eldoret ikaanzishwa 1983 chini ya Askofu Alexander Muge, sala hizi zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya watu wa nchi.

Kitabu cha 1662 kinamlazimisha kila kasisi na shemasi kuzisali sala hizi kila siku, na mwenye parokia apige kengele ili watu waje. Lakini mlei hakatazwi kuziongoza. Mahali pamoja tu ndipo anapopaswa kusita, napo ni kwenye tangazo la ondoleo, ambalo ni la kasisi. Hapo msomaji hawatamkii watu msamaha kana kwamba yeye amesimama mbali nao, bali huomba msamaha huo kwa ajili yao na kwa ajili yake mwenyewe. Yaliyosalia yote, tangu maungamo hata neema ya mwisho, ni halali yake.

Mpango wenyewe una hoja ndani yake. Kwanza watu hutubu. Wakiisha kutubu, hufunguliwa kinywa cha sifa, nazo ndizo zaburi. Wakiisha kusifu, hukaa wasikie somo la Agano la Kale, wakaliitikia kwa wimbo. Husikia la Agano Jipya, wakaitikia tena. Hukiri imani ya Mitume. Na baada ya hayo yote ndipo wanapoomba haja zao. Anayeongoza akiifahamu hoja hii, hataruka sehemu kwa haraka wala kuyatanguliza maombi, kwa maana atajua kwamba mtu huomba vema akiisha kusikia.

Penye kumtambulisha aliyejitayarisha ni kwenye zaburi. Kitabu kimezigawa kwa siku 30, asubuhi na jioni; mwezi ukiwa na siku 31, zile za siku ya 30 hurudiwa. Zaburi ya 95 hufungua Sala ya Asubuhi, walakini tarehe 19 haisomwi mahali pake pa kawaida, kwa kuwa imo katika zamu ya asubuhi hiyo, na hapana haja ya kuisoma mara mbili. Zaburi ya 119, yenye mafungu 22 ya aya nane nane, huanza jioni ya tarehe 24 kwa mafungu manne, hufuata matano asubuhi ya 25, manne jioni yake, matano asubuhi ya 26, na manne jioni yake ikamalizika. Wasomapo kwa kupokezana, nusu ya aya hawa na nusu wale, kiongozi hutua kidogo katikati ya aya, muda wa kuvuta pumzi, wala hawakimbizi wazee.

Mtu akihiari mwenyewe zaburi za kusoma, mara nyingi huchagua za furaha. Zamu ya kitabu haina upendeleo: huleta kilio siku ya harusi na shangwe siku ya msiba, na kwa hivyo humfundisha mwenye raha kulia pamoja na wanaolia. Nasi twalihitaji funzo hilo, kwani Kaunti hii ya Uasin Gishu iliona majirani wakigeukiana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mkalenjin, Mkikuyu na Mluhya wakipiga magoti pamoja kila siku kuungama kwa maneno yale yale, kwa Kiswahili kisicho cha kabila moja, hilo si jambo dogo.

Masomo nayo yatazamwe usiku uliotangulia. Majina ya Nehemia hayasomeki kwa kubahatisha, na asiyejua nani anasema katika sura ya Ayubu atamnyang'anya Ayubu sauti yake. Baada ya somo pawe na kimya. Kiongozi asikijaze kwa maelezo. Katika maombi, baada ya zile sala za siku, za amani na za kuomba ulinzi, ndipo ataje mvua, mahindi shambani, wagonjwa na watawala, kwa ufupi, pasipo kuwasengenya majirani mbele za Mungu.

Kuhusu saa, sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu kubwa: jua letu huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Lakini ng'ombe hukamwa kabla ya yote, kwa hiyo saa ya sala ipangwe baada ya kukama na kabla ya shamba, na ya jioni kabla ya giza kuingia, kisha isibadilishwe, kwani mtu aliyezuiwa kuja ataweza kusali nyumbani akijua wenzake wamo katika zaburi ipi.

Nasihi yangu kwa mabaraza ya makanisa ni hii: wachagueni waumini wawili au watatu walio thabiti, wafundishwe na kasisi, wapewe Kitabu cha Sala, Biblia na ufunguo wa kanisa, wapeane zamu kwa juma. Nao saa ikitimu wagonge kengele na kuanza, awe amekuja mmoja au wamekuja ishirini, kwa sababu sala hii ni ya Kanisa zima, na wakati huo huo wako wengine wengi duniani wanaoisali pamoja nao.