Thanjavur: dhahabu iliyoandikwa ukutani

Ndugu wachimbaji, na mama zetu munaotungojea nyumbani, mwaka jana nilimsindikiza kaka yangu mpaka India. Udongo ulimwangukia ndani ya shimo, ukamvunja mguu, na wenzetu wakachanga feza akapasuliwe Chennai. Toka Butembo tulivuka Kasindi, tukafika Kampala, tukapanda ndege Entebbe.

Chennai ni muji mkuu wa Tamil Nadu, jimbo la Watamil. Kaka alipoanza kupata nafuu, mlinzi wa pale tulipolala akaniambia: « Wewe unapasua mawe, nenda uone Thanjavur. » Nikapanda treni ya usiku, asubuhi nikashuka.

Hekalu la pale linaitwa Brihadisvara, ni la mungu Shiva. Mimi ni mkristo, sikwenda kuabudu. Nilivua viatu mlangoni kama watu wote, nikaingia kuangalia kazi. Mfalme Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, alilimaliza mwaka 1010. Mnara wake unakaribia metre 60 ao kupita, na ni graniti. Lakini inchi ile ni ya mashamba ya mpunga, graniti haiko karibu. Ilichimbwa mbali, ikaletwa. Wakati ule hakukuwa baruti wala mashine. Ni nyundo, patasi na mikono. Mwenye kupasua jiwe anajua ile ni jasho gani.

Kilichonisimamisha ni maandishi ya ukutani. Kijana anayewaongoza wageni alinielezea. Mfalme aliamuru zawadi zote zichongwe ndani ya jiwe: zake mwenyewe, za dada yake mkubwa Kundavai, za wake zake na za watu wengine. Chombo cha dhahabu, na uzito wake. Hata jiwe la kupimia lilikuwa na jina, Adavallan, basi hakuna mtu wa kuleta lake la mfukoni. Wacheza ngoma wa hekalu, kama 400, waliandikwa kila mmoja kwa jina na nyumba yake. Na mali aliyonyang'anya vitani kwa wafalme wa Chera na Pandya, imeandikwa wazi kwamba ilitoka vitani.

Sisemi mfalme yule alikuwa malaika. Majina ya wale waliochimba mawe sikuonyeshwa. Lakini imepita miaka 1000, na bado mtu anasoma dhahabu ngapi iliingia na ilitoka wapi.

Sisi je? Mchimbaji anauza jana, negosiante anapima kwa mzani wake, anaandika ndani ya karne yake, na mchimbaji anarudi nyumbani bila kikartasi. Kisha dhahabu iko Kampala, halafu Dubai, na hakuna anayejua ilitoka shimo gani, kama ni ya amani ao ya bunduki.

Sisi hatuna lazima ya graniti. Kartasi inatosha: tarehe, jina la shimo, uzito, bei, saini mbili. Mama akiuliza « mulipata ngapi? », baba aonyeshe. Pedeje akigawa, kila mtu alete yake.

Kaka anatembea na fimbo sasa, shimoni hashuki tena. Tumempa karne na kalamu. Shimo letu limeanza kuandika. Lenu je?