Gogo Hulipiwa kwa Kilichomo Ndani

Futikamba hupima urefu na unene wa gogo, lakini haiwezi kusema zitatoka mbao ngapi. Magogo mawili yenye ujazo uleule yanaweza kulazwa bega kwa bega, moja likatoa mbao za mlango na kitanda, lingine likaishia jikoni kama kuni. Mnunuzi asiyejua kuyatofautisha hupoteza mtaji. Muuzaji asiyejua hupoteza zaidi, kwa sababu mti aliouuza hatauona tena ukikomaa maishani mwake.

Kwa watu wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hili ni suala la riziki. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala mjini hadi kata kama Makote, ardhi imetawaliwa na mikorosho na vichaka. Miti mikubwa ya mbao ngumu iko zaidi bondeni, kwenye misitu ya miombo inayoteremka kuelekea Mto Ruvuma, upande wa Masasi na Nanyumbu. Humo huota mninga, mkongo, mpangapanga na mpingo. Seremala wa mjini, mchonga vinyago na mfanyabiashara anayepeleka mbao mbali, wote hutegemea misitu hiyo, na wote huanza na swali moja: ndani ya gogo hili kuna nini?

Jibu la kwanza hupatikana kwa hesabu. Chukua gogo la urefu wa meta 3, lenye kipenyo cha sentimeta 40 katikati yake. Ujazo wake ni takriban meta za ujazo 0.38. Sasa tazama ncha iliyokatwa. Chini ya gome kuna tabaka jeupe ambalo mti ulilitumia kupandishia maji ulipokuwa hai. Tabaka hilo lina wanga, wadudu hulibungua upesi, na fundi makini huliondoa. Likiwa na unene wa sentimeta 5 pande zote, kiini chenye rangi hubaki na kipenyo cha sentimeta 30, na ujazo wake ni meta za ujazo 0.21 tu. Yaani asilimia 44 ya gogo imekwenda kabla msumeno haujaanza kazi, na msumeno nao utageuza sehemu nyingine kuwa unga. Ndiyo maana gogo moja nene huwa na faida kuliko membamba mawili yenye jumla ya ujazo huohuo.

Mnunuzi mzoefu haanzi na gome. Huinama kwenye ncha, hasa ya kitako, akafuta vumbi, na ikiwezekana akaomba kikatwe kipande chembamba ili mbao mpya ionekane. Kwanza hutazama kama kitovu cha gogo kiko katikati. Kikiwa kimesogea sana upande mmoja, huenda mti ulikua umeinama, na mbao zake zitapinda zikikauka. Kisha hutazama nyufa. Zile fupi za pembezoni mara nyingi ni za kukauka tu. Zinazoanzia kitovuni na kupanuka, au zinazozunguka kiini kama pete, ni za kuogopwa, kwa sababu huweza kuingia ndani sana na kupasua mbao nzuri vipande.

Tundu nalo lina vipimo vyake. Likionekana kwenye kitako peke yake, huingizwa kijiti kirefu kujua limefika wapi. Pengine kukata nusu meta kutatosha kuliokoa gogo. Likionekana kwenye ncha zote mbili, mnunuzi ahesabu kwamba limepita gogo zima. Mahali penye weusi au ulaini pachomwe kwa ncha ya kisu: kisu kikizama kwa urahisi, kuoza kumeanza.

Chanzo cha matundu mengi ya kitako katika miombo ni moto. Nyasi zikichomwa kiangazi, ndimi za moto huunguza gome upande mmoja wa shina. Kidonda hicho hufungua njia kwa kuvu na mchwa. Miaka mingi baadaye mti huonekana mzima, majani yake mabichi, kumbe kitako kimeshaliwa. Kovu jeusi karibu na ardhi ni onyo ambalo halifai kupuuzwa.

Ndipo zamu ya gome inafika. Uvimbe wa mviringo huficha kifundo cha tawi lililokatika zamani. Mistari ya gome ikizunguka shina, nyuzi za mbao huenda nazo zimejisokota, na ubao wa namna hiyo husumbua randa na hupinda. Wengine hugonga gogo kwa kisogo cha shoka: sauti kavu na kali ni dalili njema, sauti nzito ya mvumo huashiria uwazi. Kipimo hicho husaidia, ila peke yake hakitoshi kumfanya mtu alipe.

Kila mti pia una tabia zake. Mninga hupendwa kwa sababu hukauka bila kupinda sana, na rangi ya kiini chake haihitaji kusaidiwa. Mvule, unaofahamika pwani nzima, wakati mwingine huficha ndani yake mawe ya chokaa ambayo huvunja meno ya msumeno.

Mpingo ndio mgumu kuliko yote kuusoma. Meta moja ya ujazo ya kiini chake ina uzito wa takriban tani 1.2, hivyo huzama majini. Shina lake huwa na mifereji, na mara nyingi lina nyufa au uwazi ndani. Mti huo huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na kanuni za Tanzania zimeweka kipenyo cha chini cha kuuvuna kuwa sentimeta 24. Watengenezaji wa ala za muziki kama klarineti na obo hutaka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala kifundo. Kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya gogo ndiyo hufikia kiwango hicho. Vipande vinavyochaguliwa hupakwa nta ili visikauke haraka na kupasuka.

Kwa mchonga vinyago, hesabu hubadilika. Gogo lililopinda, lenye mashimo na mifereji, ambalo mpasuaji hulikataa, ndilo humpa umbo la shetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa na uliochipuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Mtindo wa ujamaa, wa watu waliobebana kwa tabaka, unataka gogo refu na nene lenye kiini kizima. Gogo moja, basi, lina bei kadhaa, kulingana na litakavyotumika, na anayeijua bei moja tu ndiye anayepunjwa.

Mikoa ya kusini imelipia ujinga huo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, magogo yalianza kwenda Dar es Salaam kwa kasi, na mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku kuuza magogo nje ya nchi. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa na serikali yalikuwa yakipotea.

Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ilionyesha njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, kwa kuusimamia vizuri msitu wa asili. Wakati huo ilikadiriwa kwamba gogo la mpingo lingewapa wanakijiji zaidi ya dola 19 za Marekani, ilhali awali walikuwa wakipata senti 8 za dola.

Karatasi nazo ni sehemu ya thamani. Gogo lisilo na leseni ya uvunaji, alama ya nyundo na kibali cha kusafirishia linaweza kutaifishwa njiani, hata liwe zuri namna gani. Mpingo uko chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na mninga na mkongo imefuata tangu Februari 2023. Kuvusha mbao za miti hiyo mpakani kunahitaji kibali cha mkataba huo.

Mnunuzi, basi, atazame ncha zote mbili, apime kiini badala ya gome, na adai karatasi kabla ya kutoa fedha. Nacho kijiji chenye msitu kipime miti yake ingali imesimama, kiweke kumbukumbu za kila mti unaofaa kuvunwa, na kipange bei yake kabla mnunuzi hajafika.